Noti inapopinda: maswali yenu kuhusu gitaa la Mary Halvorson

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa albamu moja na mambo yanayoizunguka. About Ghosts, kazi ya mpiga gitaa na mtunzi Mmarekani Mary Halvorson, ilitolewa na lebo ya Nonesuch mwezi Juni 2025. Wanaosikiliza wanauliza waingilie mlango gani. Wanaopiga ala wanauliza ile sauti inatengenezwaje. Maswali ya makundi hayo mawili tumeyachanganya makusudi, kwa maana anayejua noti inavyopindwa huisikia vizuri zaidi, na anayesikia vizuri hupiga vizuri zaidi.

Nimezoea jazi ya zamani: wimbo unapigwa, kila mtu anapewa solo yake, wimbo unarudi, tunamaliza. Hapa ala ni nyingi, zinaingia na kutoka bila kupiga hodi. Nimesikiliza mara mbili na bado ninapotea. Nishike nini?
*Msikilizaji wa muda mrefu*

Shika besi. Usianze na gitaa, ingawa jina la kwenye jalada ni la mpiga gitaa.

Kwanza wajue waliomo. Hili ni kundi la watu sita liitwalo Amaryllis: Halvorson kwenye gitaa, Patricia Brennan kwenye vibrafoni (ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa), Adam O'Farrill kwenye tarumbeta, Jacob Garchik kwenye tromboni, Nick Dunston kwenye besi la kusimama na Tomas Fujiwara kwenye dramu. Katika baadhi ya tungo za About Ghosts wanaongezeka wapiga saksafoni wawili, Immanuel Wilkins kwenye alto na Brian Settles kwenye tena. Kwa hiyo unaweza kuwa unasikiliza ala nne za kupuliza kwa pamoja, na sikio lisilo na pa kushika litazisikia kama kelele moja nene.

Chagua utungo mmoja tu, uusikilize mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza fuata besi na dramu, mengine yote yaache yapite. Utungo wa namna hii mara nyingi husimama juu ya kipande cha besi kinachojirudia. Kikijitokeza, piga makofi na uhesabu mpaka kirudi mwanzo. Ikiwa hesabu ni saba, usihesabu moja hadi saba kwa pumzi moja. Gawa: mbili, mbili, tatu, au tatu, mbili, mbili. Mgawanyo sahihi ni ule ambao kofi lako la kwanza la kila kifungu linaangukia mahali besi linapokaza. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani mpigo hauna mpangilio, kumbe wanahesabu kwa nne kitu kisichogawanyika kwa nne.

Mara ya pili fuata ala za kupuliza, na jaribu kuimba sauti ya juu kabisa, ambayo kwa kawaida huwa ya tarumbeta. Wanaosema muziki huu hauna wimbo hatukubaliani nao hata kidogo. Nyimbo zimo, na zinaimbika. Zimevishwa tu nguo nyingi. Mara ya tatu ndipo ufuate gitaa.

Ukichanganya gitaa na vibrafoni, si kosa lako. Ala hizi mbili hukaa karibu sana, na mtunzi hulijua hilo na hulitumia. Sikiliza mwanzo wa noti. Gitaa la Halvorson lina mlio mkavu wa piki kugusa uzi, "tk", kabla ya noti yenyewe. Vibrafoni huanza laini, kisha sauti yake huning'inia hewani, na wakati mwingine hutetemeka polepole kwa sababu ya vibati vinavyozungushwa na mota chini ya vipande vya chuma.

Kuna sauti ambayo siielewi. Noti inapigwa nyoofu kabisa, halafu ghafla inateleza kama kaseti ambayo betri za redio zinaisha, kisha inarudi sawa. Si kuvuta uzi, maana nimejaribu kuvuta na haifanani. Anafanyaje, na mimi nifanyeje?
*Mpiga gitaa la solo*

Mfano wako wa kaseti ndio jibu lenyewe, na huenda hukujua ulivyokaribia.

Halvorson anatumia pedali ya dilei, Line 6 DL4, pamoja na pedali ya mguu ya kukanyaga mbele na nyuma inayochomekwa ndani yake. Dilei huhifadhi sauti uliyopiga na kuitoa tena baada ya muda uliopanga. Sasa fikiria sauti imo ndani, inasubiri kutoka, na wewe unabadilisha ule muda wa kusubiri. Ukiufupisha, pedali inalazimika kuisoma sauti haraka zaidi ili iwahi, na noti inapanda. Ukiurefusha, inaisoma polepole, na noti inashuka. Mguu ukisimama, kasi inarudi ya kawaida na noti inarudi mahali pake. Ni kaseti ile ile inayokimbia na kuchoka, isipokuwa hapa mguu wako ndio betri.

Hesabu yake inafaa kuijua, maana itakuokoa saa nyingi za kubahatisha. Kinachoamua noti itapinda kiasi gani ni kasi ya mabadiliko ya muda. Urefu wa dilei wenyewe hauna kauli hapo. Tuseme kisigino kikiwa chini muda ni milisekunde 150, na vidole vikiwa chini ni milisekunde 60. Tofauti ni milisekunde 90. Ukisukuma mguu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kwa nusu sekunde, sauti inasomwa kwa kasi ya asilimia 118, na noti inapanda karibu nusu toni tatu. Safari ile ile ukiifanya kwa sekunde nzima, inapanda kama nusu toni moja na nusu. Ukirudisha mguu kwa nusu sekunde, noti inashuka kwa takriban nusu toni tatu na nusu. Angalia kwamba kushuka ni kwingi kuliko kupanda, ingawa mguu umetembea sawa. Sikio litakuambia hivyo kabla ya kalamu.

Namna ya kuandaa: chomeka pedali ya mguu, weka kisigino chini kabisa, panga vitufe vya dilei kwa muda mrefu. Kisha kanyaga vidole hadi mwisho, panga tena kwa muda mfupi. DL4 inakumbuka hali zote mbili na kutembea kati yake. Kurudia kuwe kwa chini kabisa, mwangwi mmoja tu. Mchanganyiko uweke katikati, ili noti nyoofu na ile inayopinda zisikike kwa usawa. Hapo ndipo siri ya uzuri wake ilipo: sikio linasikia mtu anayesimama wima na kivuli chake kinachoyumba. Ukiweka mchanganyiko hadi mwisho, utapata upindaji mtupu, tena umechelewa, na mkono wako utaanza kugombana na masikio yako.

Amplifaya iwe safi, bila sauti ya kukwaruza. Kama unatumia pedali ya kukwaruza, ikae kabla ya dilei. Ikikaa baada yake, noti nyoofu na kivuli zitapondwa pamoja na hutasikia kipi ni kipi.

Zoezi: metronomu 60. Piga noti moja, iache ilie mapigo mawili. Katika pigo la pili sukuma mguu. Zima uzi kwa mkono kabisa, na mguu urudi nyumbani wakati wa kimya. Hili la mwisho ndilo linalowashinda wengi. Wanarudisha mguu huku noti nyingine imeshapigwa, nayo inapinda upande wa pili bila wao kutaka. Fanya hivyo dakika kumi kwa siku, noti moja moja, kabla ya kujaribu kwenye mlolongo wa noti. Baadaye jaribu msukumo mfupi mno, robo ya safari ya pedali, kwa haraka. Hiyo ndiyo ile kwikwi inayosikika katikati ya mistari yake ya kasi. Mguu umegutuka tu, haukutembea.

Nimefanya hivyo kwa pedali ya dilei niliyo nayo. Noti haipindi. Inatoa "tk-tk-tk" tu, au inaruka. Nyingine ya rafiki yangu inapiga kelele isiyokoma. Zimeharibika?
*Fundi wa vifaa vya muziki*

Hazijaharibika. Baadhi ya dilei za kidijitali zimetengenezwa zisipindishe noti: ukibadilisha muda, zinafifisha sauti ya zamani na kuingiza mpya, kwa sababu watumiaji wengi hawataki mtelezo. Tafuta ndani yake aina inayoiga kanda ya sumaku au dilei ya analogi, hiyo hupinda. Ikiwa haina, hutapata kitu, hata ukikanyaga mpaka kesho.

Ikiwa inapinda lakini kwa kuruka ngazi ngazi, shuku pedali ya mguu. Nyingine zinahitaji plagi ya miguso mitatu, nyingine ya miwili, na upinzani wake wa umeme usipolingana na kifaa, safari yote ya mguu inabanwa kwenye sehemu ndogo ya mwisho. Soma kijitabu cha kifaa uone kinataka plagi gani na potenshomita ya ohmu ngapi. Potenshomita chafu nayo hukwaruza. Dawa ya kusafishia miguso ya umeme huimaliza.

Kelele isiyokoma ya rafiki yako ni kitufe cha kurudia kilichopandishwa mno. Kila mwangwi unarudi na nguvu sawa au zaidi ya uliotangulia, nao unajilisha wenyewe. Shusha.

Gitaa langu lina tumbo tupu kama lake, lakini nikipandisha sauti kidogo tu linavuma "uuuu" kwenye noti fulani za chini. Nimeambiwa nibadilishe gitaa.
*Mwanakwaya anayepiga gitaa*

Usibadilishe gitaa. Halvorson anapiga Guild Artist Award ya mwaka 1970, gitaa lenye tumbo tupu na upana wa inchi 17, karibu sentimita 43. Gitaa la namna hiyo ni ngoma iliyowekewa nyuzi, na ukiliweka mbele ya spika litaitika. Faida yake ndiyo hasara yake: ule mlio mkavu wa mbao na piki tuliousema hapo juu hutoka humo humo.

Tafuta kwanza noti inayovuma. Panda freti moja moja kwenye uzi wa sita na wa tano, kwa sauti ya jukwaani. Mara nyingi utaikuta kati ya G ya freti ya tatu ya uzi wa sita, ambayo ni hezi 98, na C ya freti ya tatu ya uzi wa tano, karibu hezi 131. Ukishaijua, punguza eneo hilo tu kwenye ekwalaiza, desibeli 3 hadi 6, kwa upana mdogo. Wengi hupunguza besi yote, na gitaa linabaki jembamba kama waya.

Kisha simama mahali pengine. Mita mbili au tatu kutoka kwenye spika, tumbo la gitaa likitazama pembeni. Kugeuka digrii arobaini tu kunaweza kufanya kazi kuliko pedali yoyote. Bado linavuma? Kata vipande vya sponji laini, vijaze kwenye matundu mawili ya uso wa gitaa bila kulazimisha. Sauti ya chumbani itapungua, ya spika itatulia.

Na jambo moja kuhusu brijji, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya tumbo, kwa kuwa kwenye magitaa haya mara nyingi haikugundishwa; imeshikwa na mkazo wa nyuzi tu. Badilisha uzi mmoja mmoja. Ukivua zote kwa pamoja, brijji inahama, na noti za juu hazitakaa tena. Ikishahama, linganisha noti ya freti ya 12 na hamoniki ya mahali hapo hapo, yaani noti inayotoka ukigusa uzi bila kuubonyeza. Noti ya freti ikiwa juu ya hamoniki, sogeza brijji nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, ilete mbele. Fanya hivyo kwa uzi wa kwanza na wa sita, kisha hakiki zilizo katikati. Kwa muziki huu si anasa. Noti ikiwa tayari imepotoka kabla ya kugusa pedali, upindaji wako utasikika kama gitaa ambalo halikutegeshwa, basi.

Hivi hawa watu wanabuni papo hapo au wanasoma? Tumebishana sana.
*Marafiki watatu*

Yote mawili, na nyote mmepata nusu. Halvorson ni mtunzi anayeandika noti kwa kirefu, kisha anaacha nafasi ndani ya kilichoandikwa. Mahali pazuri pa kuliona hilo ni Belladonna ya mwaka 2022, albamu ya gitaa na kundi la ala nne za nyuzi, Mivos Quartet. Sehemu za fidla mbili, viola na selo zimeandikwa zote mwanzo hadi mwisho. Gitaa ndilo linalobuni juu yake. Ukijua hivyo, unasikia wazi nani amefungwa na nani ameachiwa. Katika albamu iitwayo Amaryllis, iliyotoka siku moja na hiyo, Mivos wanajiunga na lile kundi la watu sita kwenye nusu ya pili ya albamu.

Ishara ya kutambua ukiwa na kundi kubwa: ala mbili au tatu zikikata pamoja kwenye pigo lisilotarajiwa, hapo pameandikwa. Mtu hawezi kubahatisha kimya cha pamoja. Halafu sikiliza nyuma ya solo. Mara nyingi ala za kupuliza huingia taratibu chini ya anayebuni, na vifungu vyao vifupi humsukuma hadi mahali ambapo kundi zima linashika tena kilichoandikwa. Msikilizaji anaona kama solo imechanua yenyewe. Kazi imefanywa mezani, kwa penseli, na ndiyo maana anayepiga solo anaweza kwenda mbali bila kupotea njia.

Nina kundi dogo: gitaa, vibrafoni, tarumbeta, tromboni, besi na dramu. Nimeandika utungo wangu wa kwanza kwenye kompyuta, unasikika vizuri. Mazoezini ulikuwa msiba. Tarumbeta ilikuwa chini toni moja, tromboni akasema haiwezekani, na gitaa na vibrafoni zilikuwa uji. Nianze kurekebisha wapi?
*Mtunzi chipukizi*

Anza na la tarumbeta, ni jepesi. Tarumbeta ya B flati hutoa sauti toni moja chini ya inavyosoma. Kwa hiyo mwandikie toni moja juu. Ukitaka C itoke, andika D. Utungo ulio kwenye G, yeye asome kwenye A. Ukiongeza saksafoni siku za mbele: saksafoni ya tena inaandikwa oktava moja na toni juu, ya alto inaandikwa toni nne na nusu juu, hivyo C yako kwa alto ni A. Fanya jaribio moja kabla ya kuchapa karatasi: waambie wote wapige C ya utungo. Kwenye karatasi tarumbeta aone D, alto aone A, tromboni na vibrafoni waone C. Gitaa na besi nao wanaona C, lakini sauti zao hutoka oktava moja chini ya kilichoandikwa. Hili la mwisho ndilo linalodanganya kwenye kompyuta, maana programu nyingine hupiga gitaa oktava ya juu usipochagua ufunguo sahihi.

Tromboni. Ina mkao saba wa mrija, na noti zilizo karibu kwa sikio zinaweza kuwa mbali kwa mkono. B flati ya mstari wa pili hupatikana mrija ukiwa umerudi kabisa, mkao wa kwanza. B iliyo nusu toni tu juu yake hupatikana mkao wa saba, mkono ukiwa umenyooka wote. Ukimwandikia B flati, B, B flati, B kwa haraka, umemwambia akimbie kwenda na kurudi chumbani. Kama ala yake ina kitufe cha F, B hupatikana karibu zaidi. Muulize kabla hujaandika. Mtelezo nao una mpaka: mkao saba ni nusu toni sita, kwa hiyo mtelezo mrefu kabisa wa kweli ni kama kutoka B flati hiyo kushuka hadi E. Zaidi ya hapo, lazima noti ikatike mahali.

Na hapa tuseme tunachokipenda. Tromboni ni ndugu wa damu wa ile pedali ya mguu. Katika kundi kama lenu, mpe tromboni mtelezo wa nusu toni tatu wakati gitaa linapinda nusu toni tatu kuelekea upande wa pili. Kitu kidogo namna hiyo kinabadilisha rangi ya kundi zima, na hakihitaji ufundi wa kutisha.

Tarumbeta isikae juu kwa muda mrefu. Ikiwa kifungu kimevuka G iliyo juu ya mistari kwa mizani minane, mpe mizani mingine minane ya kupumzika. Midomo ni misuli. Ikichoka, noti hazishuki taratibu, zinakufa.

Sasa uji. Vibrafoni ya kawaida ina oktava tatu, kuanzia F iliyo chini ya C ya kati. Maana yake noti zote za nyuzi tatu za juu za gitaa zinaingia ndani ya eneo lake. Wawili hao wakipiga noti nne kwa pamoja kila mmoja katika oktava moja, ni noti nane zinazogombea kiti kimoja, na pedali ya vibrafoni ikiwa imekanyagwa zinaendelea kugombana sekunde kadhaa baada ya kupigwa. Una njia mbili. Watenganishe: vibrafoni noti mbili tu, juu, gitaa noti mbili au tatu, kwenye nyuzi za tatu, nne na tano. Au waunganishe kabisa, mstari mmoja, noti zile zile, pumzi moja, vibrafoni bila pedali. Njia ya pili inatupendeza zaidi, kwa kuwa "tk" ya gitaa na mng'aro wa chuma huzaa ala ya tatu ambayo haiuzwi dukani. Kinachoshindwa kila mara ni njia ya katikati.

Andika pia alama za pedali kwenye karatasi ya vibrafoni. Usipoandika, kila mazoezi yatakuja na uamuzi mpya.

Je, ni lazima nisome chuo ili nipige hivi? Na skeli zipi?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne*

Halvorson alisoma Wesleyan University, ambako alifundishwa na mpiga saksafoni na mtunzi Anthony Braxton, na alipata pia masomo ya gitaa kwa Joe Morris. Chuo kilimpa watu. Wewe pia watafute watu, popote walipo, wanaokuzidi na wasiokuonea haya.

Kuhusu skeli, usitafute mpya. Chukua skeli ya C uliyoizoea na kila noti ya pili ipandishe oktava moja. C freti ya tatu uzi wa tano. D freti ya tatu uzi wa pili. E freti ya pili uzi wa nne. F freti ya kwanza uzi wa kwanza. G uzi wa tatu ukiwa wazi. A freti ya tano uzi wa kwanza. B uzi wa pili wazi. C freti ya nane uzi wa kwanza. Noti ni zile zile, lakini sasa zinaruka, na sikio halijui tena zinaelekea wapi. Metronomu 60, noti moja kila pigo. Tatizo litakuwa mkono wa piki, utagusa nyuzi za katikati unapoziruka. Pumzisha ubavu wa kiganja juu ya nyuzi za chini, na vidole vya mkono wa shingo viguse kidogo nyuzi usizopiga. Raundi nne safi ndipo upandishe hadi 64.

Ninasikiliza kwa simu. Besi mlilosema nishike silisikii.
*Msafiri*

Uzi wa chini kabisa wa besi la kusimama ni E ya hezi 41. Spika ya simu haifiki huko. Unachosikia ni sauti za juu za noti hiyo, na ubongo unajaza pengo. Vaa vipokea sauti vya masikioni vinavyoziba vizuri. Hata vya bei ndogo vinazidi spika ya simu kwa hili.

Nikimaliza About Ghosts niende albamu gani?
*Msomaji wa kila toleo*

Rudi nyuma na kundi lile lile: Cloudward ya Januari 2024, kisha Amaryllis ya Mei 2022. Kwenye Cloudward msikilize Laurie Anderson, aliyealikwa na fidla yake katika utungo mmoja. Ukitaka sauti ya mwimbaji, Code Girl ya 2018 ina maneno aliyoyaandika Halvorson mwenyewe. Ukitaka watu watatu tu na nafasi kubwa ya kusikia kila kitu, tafuta kundi la Thumbscrew, yeye na Fujiwara pamoja na Michael Formanek kwenye besi.

Lakini kama wewe ni mpiga gitaa, ruka zote hizo kwanza uende kwenye Meltframe ya 2015. Yuko peke yake, gitaa tu, na tungo zote ni za watu wengine, akiwemo Duke Ellington na Ornette Coleman. Sikiliza Ellington mwenyewe kwanza, kisha msikilize yeye. Kila mahali noti inapoyumba utajua ni mguu wa nani.